Kitanda cha Bei Nafuu Mpakani Taveta

Anayepanga kulala Taveta kwa pesa kidogo huanza kwa kuuliza bei ya chumba. Swali hilo lina haki yake, ila si la kwanza. Mpakani, bei ya kitanda ni sehemu tu ya gharama ya usiku. Sehemu iliyobaki hutegemea siku ya juma, saa ya kufika, upande wa mpaka ambako kitanda kiko, na sarafu iliyomo mfukoni. Mambo hayo manne yakienda kombo, chumba cha shilingi mia saba huweza kumla mtu elfu mbili kabla hakujapambazuka. Yakienda sawa, mchuuzi wa nyanya kutoka Njukini, mzazi anayempeleka mtoto hospitali Moshi, au kijana anayeelekea Arusha kwa shangazi yake, kila mmoja hulala salama, akala, akaamka na nauli yake kamili.

Mji wa Taveta uko mwisho wa magharibi wa Kaunti ya Taita Taveta, takriban kilomita 110 kutoka Voi. Ukishapita Taveta, kilomita chache tu mbele kuna Holili, upande wa Tanzania, na kutoka hapo Moshi haizidi mwendo wa takriban kilomita 40. Kaskazini mwa mji, kwenye njia ya kwenda Illasit na Loitokitok, ziko Chala, Chumvini na Njukini, Mlima Kilimanjaro ukiwa upande wa magharibi wakati wote. Njukini ni nchi ya chemchemi, ndizi na mboga, na sehemu kubwa ya inachovuna huuzwa Taveta mjini. Kwa hiyo habari ya kulala Taveta si ya watalii. Ni habari ya watu wa kaunti hii hii, pamoja na jirani zao wa Rombo na Moshi.

Kulaza wageni si jambo jipya hapa. Katika karne ya kumi na tisa, misafara ya pwani iliyotoka Mombasa na Pangani kwenda bara ilipumzika katika msitu wa Taveta, ikajenga vibanda, ikanunua chakula kwa Wataveta, na kukaa wiki kadhaa kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 alipafanya Taveta kituo chake cha kujiandaa, kama walivyofanya wafanyabiashara Waswahili kabla yake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliuteka mji Agosti 1914, Waingereza wakaurudisha Machi 1916, wakati wa mapigano yaliyohusisha Salaita na vilima vya Latema na Reata. Reli iliyojengwa kutoka Voi kwa ajili ya vita hivyo ilifika Taveta mwaka huo huo, kisha ikaunganishwa na reli ya upande wa pili. Treni ya abiria haipiti tena kwenye reli hiyo, na wageni wote sasa huja kwa barabara.

Kalenda ndiyo inayoamua bei kuliko kitu kingine chochote. Soko la Taveta hukutana Jumatano na Jumamosi, na ni miongoni mwa masoko makubwa ya mpakani katika sehemu hii ya Kenya. Wachuuzi hutoka Voi, Wundanyi, Mombasa, Rombo na Himo. Wanunuzi wengi hutaka kuwa sokoni kabla ya jua kuwa kali, ndizi na nyanya zikiwa bado hazijachaguliwa. Matokeo yake, usiku wa Jumanne na usiku wa Ijumaa vitanda huwa haba. Mwenye gesti hana sababu ya kupunguza bei, na anayefika jioni bila kupiga simu huambiwa kuna chumba kimoja tu kilichobaki, nacho ndicho kilicho juu ya baa. Asiye na shughuli ya soko afanye hesabu nyingine: alale Jumapili, Jumatatu au Alhamisi, usiku ambao mwenye nyumba husikiliza anapoombwa apunguze.

Mwenye shughuli ya soko hana uhuru huo, ila anaweza kufika siku ya mkesha mchana badala ya usiku. Tofauti ya saa sita ni kubwa. Anayefika saa nane mchana hupata kuona vyumba vitatu na kuchagua. Anayefika saa mbili usiku hupewa alichokikuta.

Kuna msimu mmoja zaidi wa kuzingatiwa. Kila Desemba, Wachaga walioko Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko hurudi Kilimanjaro kula Krismasi nyumbani. Mabasi na magari madogo ya Himo, Moshi na Rombo hujaa, nauli hupanda, na msongamano huo hufika mpaka Holili na Taveta. Safari ya bei nafuu isipangwe kati ya katikati ya Desemba na siku za mwanzo za Januari, isipokuwa kwa lazima. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, una tabu ya aina nyingine: Mto Lumi, unaoshuka kutoka Kilimanjaro kwenda Ziwa Jipe, hujaa na kufurika, na njia za vijijini huharibika. Vyumba huwa rahisi kupatikana miezi hiyo, lakini siku moja iliyopangwa huweza kuwa mbili kwa sababu gari halipiti.

Njia ya kufikia Taveta nayo ina hesabu yake. Kutoka Nairobi, treni ya Madaraka iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ile inayosimama vituo vya kati, huondoka asubuhi na kumfikisha abiria Voi mchana, naye akapata matatu ya Taveta na kuingia mjini kabla ya giza. Kutoka Mombasa, basi la asubuhi hadi Voi hutosha. Barabara ya Voi hadi Taveta kupitia Mwatate na Bura sasa ni ya lami, na safari ambayo zamani ilikuwa ya vumbi la kutwa imekuwa ya saa chache. Lakini baada ya Maktau barabara hiyo hukata Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na tembo huivuka watakapo. Dereva mwenye akili haendi mbio hapo baada ya jua kuzama, na abiria mwenye akili hapandi gari la mwisho la Voi akidhani amejiokolea pesa. Gari la mwisho humfikisha mtu usiku, humlazimu kupanda bodaboda kutoka stejini, na kumwingiza katika gesti ya kwanza inayofungua mlango. Nafuu yote ya safari huishia hapo.

Anayetoka upande wa Loitokitok kupitia Njukini ajihadhari na jina moja. Kuna Rombo ya Kenya, katika Kaunti ya Kajiado, na kuna Wilaya ya Rombo ya Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mpaka umepita kati ya hizo mbili. Anayeulizia gari la Rombo bila kutaja nchi anaweza kupandishwa gari lisilo lake, akajikuta jioni mahali ambapo hakukusudia kulala.

Sasa swali gumu zaidi: kitanda kiwe upande upi? Jibu sahihi kwa watu wengi ni kwamba mtu alale upande ambako shughuli yake ya asubuhi iko. Mwenye soko Taveta alale Taveta. Mwenye basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam avuke mchana na alale Himo, kwenye njia panda ambako barabara ya Holili hukutana na ile ya Moshi na Same. Mwenye mgonjwa anayekwenda hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, asilale mpakani kabisa ikiwa ana nafasi ya kufika Moshi kabla ya usiku, kwa maana foleni ya hospitali huanza mapema na mgonjwa hastahili kuamshwa usiku wa manane ili avushwe. Kulala Holili kwa sababu tu chumba kimesemekana ni rahisi zaidi, kisha kurudi Taveta sokoni asubuhi, ni hasara inayojificha ndani ya nafuu.

Kuvuka kwenyewe kumekuwa rahisi kuliko zamani. Tangu mwaka 2016, Taveta na Holili zina kituo cha pamoja cha mpakani. Kabla yake, msafiri alipanga foleni upande wa Kenya kugonga muhuri wa kutoka, akatembea, akapanga foleni nyingine Tanzania kugonga muhuri wa kuingia. Sasa shughuli zote mbili hufanyika katika jengo la nchi anayoingia: anayekwenda Tanzania husimama Holili peke yake, na anayerudi Kenya husimama Taveta peke yake. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawalipi viza. Hata hivyo kitambulisho cha taifa hakitoshi kuingia Tanzania. Inatakiwa pasipoti, au hati ya kusafiria ya muda, ambayo huombwa kabla ya siku ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo huulizwa, na chanjo yenyewe huanza kuhesabiwa halali siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo haiwezi kukimbiliwa asubuhi ya safari. Mgeni wa nchi za mbali apange zaidi: Kenya inataka idhini ya kusafiri ya kielektroniki iliyoanza Januari 2024, inayoombwa kwa mtandao kabla ya kufika. Mgeni kama huyo hawezi kulala Holili leo na kuamua ghafla kesho alale Taveta.

Hapa ni lazima jambo lisemwe wazi, hasa kwa watu wa Njukini na Chumvini. Kati ya vituo rasmi vya Holili na Tarakea kuna vijia vingi, na jamaa wa pande mbili huvitumia kila siku kutembeleana, kuzikana na kuchungia mifugo. Mwenyeji anayevuka kwenda kwa shemeji yake na kurudi jioni hujulikana. Msafiri anayelala gesti hajulikani. Aliyepita kijia hana muhuri, na gesti za Tanzania huandika wageni wote kitabuni. Akiulizwa usiku alikoingilia, hana jibu. Faini, kuzuiliwa na siku zilizopotea humla mtu kuliko nauli ya kupitia Taveta, hata kama kupitia Taveta kunaonekana ni kuzunguka.

Mwenye gari lake naye afikirie kuliacha. Kuvusha gari la Kenya kunahitaji kibali cha muda cha gari na bima inayotambulika upande wa pili. Kwa usiku mmoja au mbili, kuliegesha katika uwanja wa gesti ya Taveta yenye geti na mlinzi, kisha kuvuka kwa miguu na kupanda gari la abiria hadi Moshi, huwa ni nafuu mara nyingi.

Sarafu ndiyo mahali ambapo pesa hupotea bila mtu kuibiwa. Shilingi ya Kenya na ya Tanzania hazitulii. Mwanzoni mwa mwaka 2024, shilingi ya Kenya iliposhuka hadi karibu 160 kwa dola moja, shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na takriban 16 za Tanzania. Miaka michache kabla ya hapo ilikuwa imepita 20, na baadaye ikarudi karibu na hapo. Tuseme chumba cha Taveta ni shilingi 1,000 za Kenya na cha Holili ni 20,000 za Tanzania. Kwa kiwango cha 20 vyumba hivyo vina bei moja. Kwa kiwango cha 16, kile cha Holili kimefika 1,250. Aliyesafiri mwaka jana na kurudi mwaka huu akitumia hesabu ya zamani hujidanganya.

Kubadilisha mara mbili ndiko kunakouma zaidi. Mtu abadilishe 5,000 za Kenya kwa 19, apate 95,000 za Tanzania. Akose kuvuka siku hiyo, azirudishe kwa mbadilishaji yuleyule kwa 21. Atapewa takriban 4,524. Karibu mia tano imeondoka, nayo ni nusu ya bei ya kitanda, wala hajala wala hajalala. Basi abadilishe kiasi cha kulala na kula tu, baada ya muhuri kugongwa na si kabla, na azihesabu mwenyewe mkononi kabla ya kuachia zake. Tena tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kupangiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo aliye na shilingi za Kenya pekee asitegemee kwamba gesti ya Holili itazipokea.

Simu nayo huvuka mpaka bila mwenyewe kujua. Taveta na vijiji vya mpakani hushika minara ya upande wa pili, na simu iliyoachwa ijichagulie mtandao huweza kuhamia ng'ambo usiku mzima, ikila salio kwa bei ya ugenini. Huduma ya kuhama mitandao izimwe, mtandao uchaguliwe kwa mkono. Kwa bahati njema saa hazina tatizo: Kenya na Tanzania zina saa moja, na soketi za ukutani ni za aina moja pia. Si mipaka yote iliyo hivyo. Mexico ilipoacha kubadilisha saa za majira mwaka 2022, miji yake mingi ya mpakani iliachwa iendelee kubadilisha pamoja na Marekani, na msafiri wa huko ni lazima aulize saa kama anavyouliza bei. Kwa mengine, Tijuana, mji wa Mexico unaotazamana na San Diego, unafanana sana na Taveta katika hesabu hizi: Wamarekani huvuka kutafuta chumba cha bei ndogo na daktari wa meno wa bei ndogo, kisha wanaporudi hukaa kwenye foleni ya San Ysidro kwa saa kadhaa, na wasiohesabu foleni hiyo hukosa kazi ya asubuhi.

Kuhusu kupata chumba, simu moja iliyopigwa siku mbili kabla ina thamani kuliko kuzunguka mji mzima na mzigo. Msafiri hupata namba kwa dereva wa matatu, kwa jamaa wa Taveta, au kwa wachuuzi wenzake. Aulize bei ya chumba chenye choo na bafu ndani na bei ya kile cha choo cha nje, aulize kama chai ya asubuhi imo, na aulize bei ni ya mtu au ya chumba, kwa kuwa wawili wakilala pamoja baadhi ya nyumba huongeza. Malipo ya kuhifadhi chumba yawe madogo na yatumwe kwa namba ya malipo ya nyumba yenyewe, si kwa namba ya mtu aliyejitambulisha kuwa meneja. Ujumbe wa malipo usifutwe hadi asubuhi ya kuondoka.

Chumba huonwa kabla ya kulipiwa, na hakuna mhudumu mwaminifu anayekataa. Huja na ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha ubao chenye namba, akafungua, akawasha taa. Mgeni aanze na mlango. Kitasa kikishika, atazame kama kuna komeo la ndani, maana kitasa kina ufunguo wa pili nyuma ya kaunta na komeo halina. Afungue bomba badala ya kuuliza kama maji yapo; jibu la kuuliza huwa ni ndiyo daima. Ndoo iliyojaa maji kando ya bomba lisilotoa kitu haina ubaya, mradi inajazwa tena bila malipo. Ajaribu soketi kwa chaja yake. Ageuze mto, anuse shuka, atazame kona za godoro chini ya mshono, ambako kunguni hujificha. Dirisha liwe na wavu na lifungike. Kisha asimame kimya kidogo asikilize: baa ya jirani, kinu cha kusaga, malori yanayopasha injini. Sauti zinazosikika saa kumi jioni huwa kubwa maradufu saa nne usiku.

Chandarua ndicho kisichofaa kuachiliwa kwa ajili ya shilingi mia mbili. Taveta iko chini, kuna joto, kuna maji ya chemchemi na mifereji, na mbu hawaadimiki. Eneo hili limo katika historia ya malaria duniani: katika miaka ya 1950 mradi wa Pare na Taveta ulinyunyizia nyumba dawa ya dieldrini, ugonjwa ukashuka sana, na unyunyizaji ulipokoma ukarudi polepole. Chandarua kishushwe kabla ya kulipa, kitazamwe kama kina matundu, na kama kinafika chini ya godoro ili kichomekwe pande zote. Kilichotoboka au kifupi kibadilishwe, au chumba kibadilishwe. Anayetoka nyanda za baridi kama Wundanyi au Njoro ya Nakuru hana mazoea ya mbu, na malaria inapompata huja na gharama ya kliniki, dawa na siku za kazi zilizopotea. Mwenye kusafiri mara kwa mara abebe chandarua chake.

Kitabu cha wageni hujazwa pande zote mbili: jina, namba ya kitambulisho au pasipoti, atokako mtu na aendako, na Tanzania mara nyingi kuna safu ya kabila. Namba iandikwe, lakini hati yenyewe irudi mkononi papo hapo. Hakuna sababu ya kuiacha kaunta usiku kucha. Risiti idaiwe hata ikiwa ni ya mkono.

Mchuuzi ana mzigo, na mzigo una usiku wake. Nyanya na ndizi hazilali chumbani. Kabla ya kuchagua gesti, ajue mzigo utalala wapi na nani anaulinda, na malipo ya mlinzi yaingizwe katika hesabu ya kitanda. Anayevusha mazao yaliyozalishwa ndani ya Jumuiya yenye thamani isiyozidi dola 2,000 ana haki ya kutumia utaratibu rahisi wa biashara ndogo, kwa hati ya asili ya bidhaa inayotolewa mpakani, bila kulipa ushuru wa forodha. Wengi hulala usiku wa ziada wakihangaika na mawakala kwa kutojua hilo. Pia ajue mipaka ya ruhusa yake. Kuvusha mazao ni jambo moja. Kufungua kibanda ni jingine, kwani tangu Julai 2025 Tanzania imewakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwemo za jumla na rejareja. Na mifuko ya plastiki ya kubebea iachwe nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Kikapu au mfuko wa kitambaa havina swali.

Kwa chakula, sheria ni fupi. Vibanda vya karibu na soko na steji hupika kwa ajili ya watu wanaorudi kila wiki, na hao hawadanganyiki kwa bei wala kwa kipimo. Ndizi za kupikwa na nyama, wali maharage, chai na chapati hutosha, na hugharimu kidogo kuliko vya kwenye gesti yenyewe.

Njukini hali ni nyingine. Ni kituo kidogo cha biashara, si mji, na anayekwenda huko kwa kazi ya shule, kilimo, zahanati au kanisa hulazwa zaidi na watu kuliko na nyumba za kulipia. Apige simu mapema kwa mwenyeji wa kazi yake, aseme siku za kukaa, na asiende mikono mitupu: sukari, majani ya chai, unga, sabuni. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mwenye kukaa wiki nzima afanye hesabu ya kulala Taveta na kupanda matatu kila asubuhi, au akubaliane waziwazi na mwenyeji kuhusu mchango wa chakula. Kunyamaza katika jambo hilo huwaumiza wenyeji wasioweza kumdai mgeni.

Mpaka una historia ya kufungwa, na mpango usio na akiba haujakamilika. Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya Februari 1977, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ilizuia watu kupita na kuacha malori ya mizigo peke yake. Hayo hayatokei kila mwaka, lakini mtandao wa ofisi kukatika nusu siku ni jambo la kawaida mpakani popote duniani. Pesa ya usiku mmoja wa ziada na nauli ya kurudi iwekwe kando, katika sarafu ya nyumbani, isiguswe na biashara.

Linabaki moja linalowahusu wenye nyumba. Wachuuzi wengi wa Jumanne na Ijumaa ni wanawake, na wengi wao hufika jioni wakiwa wamechoka, bila uwezo wa kuzunguka na mzigo wakiuliza bei mlango kwa mlango. Bei inayopanda kwa kumtazama mtu sura na saa aliyofika inawadhulumu hao kwanza. Wenye gesti na lojingi wa Taveta wabandike bei ukutani penye kaunta, ya siku za soko na ya siku nyingine, na ofisi ya biashara ya kaunti iliyoko karibu iifanye kuwa sharti la leseni. Karatasi moja na gundi vinatosha.